Nyonga Inapouma na Tiketi Imeshakatwa

Tarehe 7 Agosti 2021, kwenye marathoni ya wanawake ya Olimpiki iliyokimbiwa Sapporo, Japani, Peres Jepchirchir wa Kenya alishinda kwa muda wa saa 2:27:20. Mkenya mwenzake Brigid Kosgei alifika sekunde 16 baadaye, na Molly Seidel wa Marekani akachukua shaba sekunde 10 nyuma ya Kosgei. Hazikupita hata miezi 15, wote watatu walikuwa wamekwama, na wote kwa sehemu ileile ya mwili au jirani yake. Aprili 2022 Seidel aliachia mbio za Boston njiani kwa sababu ya nyonga. Kabla ya mbio za vuli za mwaka huohuo Kosgei alijiondoa London akilalamikia msuli wa nyuma ya paja, msuli unaoanzia kwenye mfupa tunaoukalia. Jepchirchir, aliyetarajiwa kwenda New York kutetea ubingwa wake, akatangaza kwamba haendi: nyonga. Mo Farah wa Uingereza naye alijitoa siku chache tu kabla ya London ya tarehe 2 Oktoba, naye ni nyonga, ya kulia.

Hao ni watu wenye makocha, madaktari na wakandaji wa kuwatazama kila siku. Mhasibu wa Dodoma anayeamka saa kumi na moja alfajiri kujiandaa kwa Kili Marathon ya Moshi hana hata mmoja kati ya hao, lakini nyonga yake imeumbwa vilevile, na maswali yanayomkabili ni yaleyale. Je, aende? Akimbie? Au aahirishe, fedha zipotee?

Safari ndiyo inayolifanya jeraha hili liwe gumu kuliko lilivyo kitabibu. Mkimbiaji wa kulipwa hukimbia marathoni mbili kwa mwaka, pengine tatu. Mshindi wa New York hupewa dola 100,000, wa Boston dola 150,000, na mwaliko wenyewe una malipo yake kwa wenye majina. Anayekosa safari moja amekosa nusu ya mapato ya mwaka, na nyuma yake kuna karo, shamba lililokopewa, na ndugu waliokwisha kuhesabu. Mkimbiaji wa kawaida naye ameweka akiba, ameomba likizo, amelipa dola 185 za ombi la viza ya Marekani ambazo hazirudi. Kwa hiyo maumivu yanapoanza, swali la kwanza huwa “Nitapona kwa wakati?” Swali hilo linampeleka mtu pabaya. Linaifanya tarehe ya safari kuwa kipimo cha kila kitu, wakati jambo la kujua kwanza ni kitu gani hasa kinachouma. Nyonga ina vitu vingi vinavyoweza kuuma. Vingi vyake vinavumilika, vinatibika huku mtu akiendelea kukimbia kidogo. Kimoja hakivumiliki hata kwa siku moja.

Wala si bahati mbaya kwamba maumivu haya hupiga hodi safari ikikaribia. Kilomita za mazoezi hufika kileleni wiki kama tatu hadi sita kabla ya marathoni, na ndipo nyonga inapobeba mzigo mkubwa kuliko wakati wowote. Mtu akitembea tu, kiungo hicho hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili wake. Akikimbia, hufika mara nne, tano na zaidi, kwa kila hatua, maelfu ya hatua kwa asubuhi moja. Sehemu kubwa ya mzigo huo haitoki ardhini. Inatoka kwa misuli ya makalio inayovuta kwa nguvu ili kiuno kisianguke upande mmoja kila mguu mwingine unapokuwa hewani.

Daktari mzoefu huanza kujua jibu kabla hajamgusa mgonjwa. Humwuliza tu, “Nionyeshe panapouma.” Mwenye tatizo ndani ya kiungo mara nyingi hukishika kiuno kwa kiganja kilichopinda, dole gumba likiwa nyuma ya nyonga na vidole vingine vikizama kwenye kinena, maana maumivu yako katikati na hakuna pa kuyagusa. Mwenye tatizo la kano za makalio huweka kidole kimoja pembeni, juu ya ile nundu ya mfupa inayogusa godoro mtu akilala ubavu, na huongeza kwamba usiku hapati usingizi upande huo. Mwenye tatizo la msuli wa nyuma ya paja hukalia ncha ya kiti. Ishara hizi hazitoshi kumaliza uchunguzi, lakini zinagawa njia mapema, na mkimbiaji anaweza kujiuliza mwenyewe akiwa nyumbani.

Maumivu ya pembeni ndiyo yenye habari njema. Zamani yaliitwa uvimbe wa kifuko cha maji na kutibiwa hivyo, lakini siku hizi inafahamika kwamba mara nyingi ni kano za misuli ya makalio zilizochoka. Mwaka 2018 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya watu 204 wenye maumivu hayo, waliogawanywa makundi matatu: waliofundishwa mazoezi na namna ya kupunguza mzigo, waliodungwa sindano ya steroidi, na walioambiwa wangoje. Baada ya wiki nane, asilimia 77 ya kundi la mazoezi walisema wamepata nafuu ya wazi, dhidi ya asilimia 58 ya waliodungwa na 29 ya waliongoja. Wengi wao walikuwa wanawake wa umri wa makamo, si wanariadha wa mashindano, lakini kano ni kano. Na mafunzo yenyewe hayakuwa ya ajabu: kuacha kusimama kwa kuegemea mguu mmoja, kuacha kukunja nne, kuweka mto kati ya magoti usiku, kisha kuijenga misuli ya makalio kwa mazoezi yanayopanda polepole. Mwenye wiki nane mkononi na maumivu ya aina hii ana kila sababu ya kuendelea kuiwazia safari yake.

Kwenye kinena mambo hubadilika. Hapo panaweza kuuma msuli wa kunyanyulia paja, au ule ukingo laini wa gegedu unaozunguka kikombe cha nyonga. Ukingo huo ukichanika, mtu huhisi kitu kinakwama au kuchoma anapochuchumaa, anapotoka kwenye gari, anapofunga kamba za viatu. Hata hivyo picha peke yake isimtishe mtu. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2012, watu 45 wasio na maumivu yoyote walipigwa picha ya MRI, na asilimia 69 wakakutwa ukingo huo umechanika bila wao kujua. Mpasuko unaoonekana kwenye picha huenda ulikuwepo miaka mingi kabla ya safari kupangwa.

Tatizo ni kwamba kinena hichohicho ndicho kinachouma pale mfupa wenyewe unapoanza kupata ufa.

Mfupa ulio hai haukai kama ulivyo. Unafanyiwa ukarabati kila siku, kama nyumba ambayo fundi anabomoa tofali bovu kabla ya kuweka jipya. Kubomoa huchukua wiki chache, kujenga huchukua miezi. Mkimbiaji akiongeza kilomita kwa ghafla, ubomoaji hutangulia ujenzi, na kwa muda mfupa huwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi. Ufa mdogo ukitokea wakati huo na mbio zikaendelea, hauzibiki. Mahali pa hatari kuliko pote ni shingo ya fupa la paja, kile kipande kifupi kinachounganisha kichwa cha mfupa na paja. Ufa ukiwa upande wa chini wa shingo hiyo, ambako mfupa hubanwa, mara nyingi unapona kwa magongo na kupumzika kwa wiki sita hadi nane, kisha kurudi taratibu. Ukiwa upande wa juu, ambako mfupa huvutwa, unaweza kufunguka na shingo ikakatika, na mishipa ya damu inayolisha kichwa cha nyonga ikakatika nayo. Hapo daktari hafikirii tena mbio. Anafikiria skrubu, na kama kichwa cha mfupa kitakosa damu, anafikiria nyonga ya bandia kwa mtu wa miaka 25 au 30.

Dalili za mwanzo ni hafifu mno. Maumivu butu ya kinena au mbele ya paja, yanayoanza kilomita ya tano leo, ya tatu wiki ijayo, kisha mtu anaanza kuchechemea akitembea kwenda dukani. Zipo kliniki zilizokuwa zikimwambia mgonjwa aruke kwa mguu mmoja kuona kama kinena kitauma; wataalamu wengi wameacha kufanya hivyo wakishuku mfupa, kwa kuwa mruko huohuo unaweza kuumaliza ufa. Picha ya eksirei nayo haina msaada mkubwa katika wiki za mwanzo, maana ufa mara nyingi hauonekani. Hapa ndipo wakimbiaji wengi wanapopotea. Wamepigwa eksirei, wameambiwa mfupa ni mzima, wamerudi barabarani. Jibu la kuaminika liko kwenye MRI. Ikiwa kuna jambo moja ambalo tarehe ya safari inafaa kulihimiza, basi ni kipimo hicho kufanyika wiki hii badala ya mwezi ujao.

Mifano mitatu ya wakimbiaji wakubwa inaonyesha jinsi ufa huu unavyodanganya. Paula Radcliffe wa Uingereza alikutwa na ufa kwenye fupa la paja miezi michache kabla ya Olimpiki ya Beijing ya 2008. Alisafiri, akakimbia akiwa hajajiandaa inavyotakiwa, akamaliza wa 23 kwa saa 2:32:38. Novemba mwaka huohuo, mfupa umepona na mazoezi yamerudi, akashinda New York. Desiree Linden wa Marekani alienda London mwaka 2012 na maumivu ya nyonga, akaanza marathoni ya Olimpiki, na akatoka kabla ya kufika kilomita ya nne. Ulikuwa ufa wa fupa la paja. Mwaka 2018, kwenye mvua na baridi kali, aliishinda Boston. Meb Keflezighi, mzaliwa wa Eritrea aliyekuwa na medali ya fedha ya Athens 2004, alikimbia mchujo wa Marekani mjini New York tarehe 3 Novemba 2007, akamaliza wa nane, na baada ya hapo maumivu yalimfanya atambae kwa mikono na magoti. Ikaja kujulikana kwamba mfupa wa nyonga ulikuwa na ufa. Beijing hakwenda. Miaka miwili baada ya mchujo ule alirudi jiji hilohilo na kuishinda New York kwa saa 2:09:15, na mwaka 2014 akashinda Boston akikaribia umri wa miaka 39.

Linden anastahili kutazamwa zaidi ya wenzake. Alikuwa amefika kwenye mbio kubwa kuliko zote, mbele ya dunia nzima, na alisimama. Wengi humhesabu kuwa alishindwa siku ile. Kwa aliyekuwa na ufa kwenye fupa la paja, kilomita 38 zilizobaki zingeweza kumnyima kila ushindi uliofuata.

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa unaovuta upande mwingine. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka katikati ya marathoni, akaumia goti na bega, akafungwa bandeji na kuendelea hadi uwanjani, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia. Kila mtoto wa shule aliyewahi kukimbia mbio za mchakamchaka amesimuliwa habari hiyo, na ni haki. Lakini jeraha la Akhwari lilikuwa la kuonekana, limetokana na kuanguka siku ileile, na yeye mwenyewe alijua anachokivumilia. Mwenye maumivu ya kinena yasiyo na jina hajui. Kumhimiza avumilie kwa kumtajia Akhwari ni kumdhulumu yeye na kumdhulumu Akhwari.

Wanaovumilia mara nyingi huvumilia kwa msaada wa dawa. Katika miji yetu diklofenaki na ibuprofeni hununuliwa dukani pasipo cheti, na wapo wanaomeza kabla ya mazoezi kwa mazoea tu. Dawa hizi zinapunguza maumivu bila kugusa sababu yake, jambo ambalo kwa mfupa wenye ufa ni hatari tupu. Figo nazo zina kesi yao: katika jaribio lililochapishwa 2017, wakimbiaji wa mbio za kilomita 80 waliopewa ibuprofeni walipata dalili za figo kuumia kwa asilimia 52, dhidi ya asilimia 34 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa jua la Tanga au Mombasa, mtu aliyepungukiwa maji hana haja ya kuongeza mzigo huo.

Sindano za steroidi zina mtego wa aina nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2022, Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli limepiga marufuku njia zote za kudunga dawa hizo wakati wa mashindano. Triamsinoloni, moja ya dawa hizo, ikidungwa kwenye msuli inaweza kuhitaji siku 60 kutoka mwilini. Kati ya 2021 na 2022 wanariadha 10 wa Kenya walikutwa nayo, idadi iliyowashtua hata wachunguzi wenyewe. Anayedungwa “ya maumivu” kwenye zahanati ya mtaani wiki tatu kabla ya kupanda ndege, bila kuuliza jina la dawa, anaweza kupona nyonga na kupoteza miaka ya kazi. Haki ya kusoma kilichoandikwa kwenye chupa ni ya mgonjwa, na aitumie.

Kuna hofu moja inayowafanya watu wasipumzike: kwamba pumzi itaisha. Inaisha, lakini si kwa kasi wanayoiwaza. Utafiti wa Marekani wa miaka ya 1980 uliwasimamisha mazoezi wanariadha waliofundishwa vizuri, na uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulipungua kwa asilimia 7 katika wiki tatu za kwanza, kisha ukatulia karibu na asilimia 16 chini baada ya wiki nane. Na hao hawakufanya chochote. Anayeruhusiwa na daktari kukimbia ndani ya maji ya kina, amevaa mkanda wa kuelea, miguu isiguse chini, anaweza kuhifadhi karibu pumzi yake yote kwa wiki nne hadi sita. Keflezighi alijenga sehemu ya miaka yake ya mwisho ya ushindani juu ya baiskeli ya kusimama isiyotikisa nyonga. Bwawa la kuogelea ni shida kupatikana Iten au Mbulu. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi mabwawa yapo, na kwa miji miwili ya kwanza bahari ipo.

Mwenye maumivu ya kano au misuli, aliyeruhusiwa kukimbia kidogo, afupishe hatua. Watafiti wa Wisconsin walionyesha mwaka 2011 kwamba kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, kasi ikibaki ileile, kunapunguza mzigo wa goti na nyonga. Ni badiliko la bure kabisa.

Chakula kisisahaulike, kwa sababu ndiko mifupa mingi ya wakimbiaji inakoanzia kuharibika. Mwili unaopewa chakula kidogo kuliko unachokichoma huzima mambo usiyoyaona: hedhi hukoma, homoni za kiume hushuka, mfupa huacha kujengwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelitolea mwongozo tatizo hilo tangu 2014. Msichana wa kambini ambaye hajaona hedhi kwa miezi mitatu na sasa kinena kinamwuma anahitaji MRI haraka kuliko mtu yeyote kambini, na anahitaji kocha asiyemsifu kwa wepesi wake.

Halafu ipo ndege yenyewe. Tangu Oktoba 2018 mtu anaweza kutoka Nairobi hadi New York moja kwa moja, saa takribani 15 kwenye kiti kinachoikunja nyonga pembe mraba. Kwa mwenye ukingo wa gegedu uliochanika, mkunjo huo ndio mkao mbaya kuliko yote. Kiti cha njiani, ambacho humruhusu kuinuka kila saa na kunyoosha mguu, kinafaa kuliko dirisha lenye mandhari. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba safari ya saa nne na zaidi huongeza maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa. Kwa msafiri mzima uwezekano bado ni mdogo, takribani mmoja kwa 6,000, lakini aliyefanyiwa upasuaji karibuni au anayetembelea magongo lazima azungumze na daktari kabla ya kupanda. Kiti cha magurudumu kwenye uwanja wa ndege pia kipo kwa ajili ya watu kama yeye. Mwendo wa kutoka mlangoni hadi kwenye ndege, begi likiburutwa, unaweza kuharibu kazi ya wiki mbili.

Yote haya yanaufanya uamuzi ulioonekana mmoja kuwa maamuzi matatu. Kusafiri ni uamuzi mmoja, kuanza mbio ni wa pili, kumaliza ni wa tatu, na kila mmoja una siku yake. Mtu anaweza kusafiri kumshangilia mwenziwe na asianze. Anaweza kuanza na kuacha, akiwa amekubaliana na mwenzake tangu hotelini kwamba kinena kikiuma kabla ya kilomita ya kumi, anatoka. Mwenye ufa upande wa juu wa shingo ya fupa la paja hana uamuzi hata mmoja kati ya hayo wa kufanya. Jepchirchir alikata shauri mapema, akabaki nyumbani. Sharon Lokedi akashinda New York ile ya 2022 akiikimbia marathoni kwa mara ya kwanza. Jepchirchir alikuwa wa tatu London 2023, akashinda hapohapo 2024 kwa saa 2:16:16, na Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Tokyo, akimwacha Tigst Assefa wa Ethiopia kwa sekunde mbili.

Anayebeba hasara ya kubaki nyumbani ndiye asiyezungumzwa. New York humruhusu mkimbiaji wa kawaida kujiondoa na kushika nafasi ya mwaka unaofuata, akilipa ada upya. Tiketi na viza ni juu yake. Mwanariadha chipukizi wa kulipwa ana hali mbaya zaidi, kwa sababu malipo ya mwaliko huja akisimama kwenye mstari wa kuanzia, na meneja wake hupata sehemu ya malipo hayohayo. Kumwachia meneja peke yake kazi ya kuamua kama nyonga iko tayari ni kumweka kwenye jaribu lisilo la lazima. Mashirikisho ya riadha ya Kenya, Uganda na Tanzania yangeweza kudai kila mkataba wa mbio za nje uwe na kifungu kinachomlipia mwanariadha kipimo cha mfupa pale daktari anapokiomba, na daktari huyo awe nje ya kambi na nje ya ofisi ya meneja. MRI moja ya nyonga, Eldoret au kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ina gharama ndogo sana ikilinganishwa na tiketi ya kwenda na kurudi New York ambayo mkataba huohuo tayari unailipa.